Pigo Moja Nyuma

Kinyozi alikuwa na binti mmoja wa miaka mitano. Nyumbani walimwita Waziri.

Jina hilo alipewa na baba yake mwenyewe, kwa utani. Mtoto akiitwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ndipo anageuka polepole, kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Mnamwona?" kinyozi aliwaambia wateja. "Huyu ni waziri kabisa. Hajibu swali mpaka ajiandae."

Wateja wakacheka. Jina likaganda. Hata mama yake naye akaanza kuitwa Mama Waziri.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilitazama barabara. Hicho ndicho kilikuwa saluni. Kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wateja, kioo kikubwa ukutani, na redio iliyoimba tangu asubuhi mpaka jioni. Katika chumba cha pili, nyuma ya pazia, Mama Waziri alikuwa na cherehani yake. Alishona sare za shule.

Waziri alipenda kukaa sehemu mbili. Kwanza, kwenye kigoda nyuma ya baba yake, akitazama kioo. Pili, kando ya cherehani, kidevu chake amekilaza juu ya meza. Mama alipokanyaga pedeli meza ilitetemeka, na mtoto alifumba macho kwa raha.

"Ondoa kidevu," mama alimwambia. "Siku moja nitakushona mdomo pamoja na kola."

Mtoto hakuondoa kidevu. Mama alimsogeza kwa mkono, akaendelea na kazi.

Maneno ya Waziri yalikuwa bado ya kitoto. Sukari aliita ukari. Fimbo aliita imbo. Watu wazima walicheka, wakamwomba arudie. Hakuna aliyeona tatizo. Walisema atakua nayo yatakwisha.

Jumamosi moja mchana mpira wa Waziri ulibiringika hadi barabarani. Waziri akaufuata. Pikipiki ilikuwa inakuja, imebeba kreti la soda. Dereva akapiga honi. Mtoto hakugeuka. Akapiga tena na tena. Mtoto ameinama, anaokota mpira wake taratibu.

Dereva akakata kona ghafla. Pikipiki ikalala. Chupa zikapasuka barabara nzima.

Kinyozi alitoka mbio, mashine ya kunyolea ingali mkononi. Alimnyakua mtoto. Alipoona ni mzima, hofu yake yote ikageuka hasira. Akamchapa makofi mawili ya mgongo.

"Umetia pamba masikioni? Husikii honi?"

Waziri alimtazama mdomo. Kisha akalia.

Dereva aliinuka, anajipangusa kiwiko kilichochubuka. "Nimepiga honi mara nne, bwana. Mtoto wako kichwa ngumu."

"Amedekezwa huyo," alisema mteja mmoja aliyesimama mlangoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

Kinyozi aliomba radhi, akaokota vipande vya chupa.

Jioni ile mkewe alimwambia, "Usimpige tena."

"Nisimpige! Unataka afe barabarani?"

"Kumpiga hakukumsaidia kusikia."

"Tatizo ni kule shuleni," kinyozi alisema. "Chekechea gani ile? Kila nikipita wanaimba. Wakiingia wanaimba, wakinawa wanaimba, wakitoka wanaimba. Mwaka mzima unakwisha, mtoto hajui herufi tano. Hajui hata kutii. Jumatatu nakwenda kutoa ya moyoni."

Jumatatu akafunga saluni, akaenda.

Mwalimu wa chekechea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Watoto walimwita Mwalimu Debe, kwa sababu alipiga debe tupu la mafuta kwa vijiti viwili vilivyofungwa vitambaa. Hakuchukia jina hilo. Alikuwa na watoto arobaini na mmoja katika chumba kimoja, na hakuwa na muda wa kuchukia.

"Mwalimu, nitasema wazi," kinyozi alianza. "Mimi nilimleta mtoto asome. Sikumleta kuimba."

"Karibu, Baba Waziri," mwalimu alisema. "Kaa."

Viti vyote vilikuwa vya watoto. Kinyozi alikaa, magoti yakamfika kifuani.

"Nikuulize," mwalimu alisema. "Ukitaka watoto arobaini na mmoja wakusanye vitu vyao wakae chini, utafanyaje?"

"Nitawaambia."

"Utawaambia mara ngapi?"

Kinyozi alimfikiria mmoja wake tu. "Mara nyingi," alikiri.

"Mimi nina wimbo wa kukusanya. Nikiuanza, wanajua cha kufanya. Ukifika mwisho, chumba kisafi na fimbo haikutoka kabatini. Sasa, kuhusu herufi. Piga makofi pamoja nami. Ki-nyo-zi. Mangapi?"

Kinyozi alitazama mlangoni kama kuna mtu anamwona. Akapiga. "Matatu."

"Umekata neno vipande vitatu kwa masikio yako. Mtoto anayeweza kulikata neno kwa masikio, kesho ukimwonyesha herufi hahangaiki sana. Anajua tayari kwamba neno lina sehemu. Na akicheza mchezo wa kusimama debe likinyamaza, anajifunza kuuzuia mwili wake. Akingoja zamu ya kupiga kayamba, anajifunza kungoja. Hapa wimbo ni kazi, Baba Waziri. Sipotezi muda wa mtu."

"Basi mbona wangu hajifunzi?"

Mwalimu alifunga daftari lake.

"Nilikuwa nataka kukuita wiki hii. Kuna jambo nimeliona katika nyimbo. Nimemtazama wiki mbili, maana sikutaka kukutia hofu bure. Lakini nikikueleza tu, utasema nakutafutia visingizio. Kaa pale nyuma utazame mwenyewe."

Kinyozi alihamia kona. Watoto waliingia kutoka uwanjani. Mwalimu akapiga debe, wakaanza kuzunguka chumba wakitembea kwa mdundo. Debe likanyamaza. Wote wakasimama kama nguzo.

Wote, ila Waziri. Yeye alipiga hatua moja zaidi, ndipo akasimama.

Debe likapigwa tena. Likanyamaza. Waziri tena, hatua moja zaidi.

"Mtazame macho, usitazame miguu," mwalimu alimnong'oneza kinyozi alipopita karibu.

Kinyozi alitazama macho. Binti yake hakuwa anamwangalia mwalimu. Alikuwa anaangalia miguu ya wenzake, kulia na kushoto, bila kupumzika. Ikisimama, naye anasimama. Ndiyo maana alikuwa nyuma pigo moja, kila mara.

Kisha mwalimu aliwageuza watoto wote waelekee ukutani. "Fumbeni macho. Nikipiga, nanyi mpige makofi kama nilivyopiga."

Alirudi nyuma yao, akagonga debe kidogo kwa ncha ya kidole. Ta, ta, ta.

Makofi matatu yakajibu. Waziri hakupiga. Mikono yake ilining'inia tu. Alisubiri kwa utulivu, kama mtu aliyepanga foleni.

Mwalimu akagonga tena, mara nne. Makofi manne. Waziri kimya. Akapiga kwa nguvu, kwa kijiti. Hapo Waziri aliinua kichwa, akapiga makofi.

Kinyozi alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama saa ngapi.

Mwalimu alimwita Waziri mbele kwa kumgusa bega. Akamkalisha kando ya debe, akaulaza mkono wake mdogo juu ya bati. "Fumba," alimwonyesha kwa ishara. Akagonga kwa upole ule ule wa kwanza. Mara tatu. Waziri akagonga mara tatu. Mara tano. Akagonga mara tano. Mwalimu akapiga mdundo mgumu, wenye kuruka na kungoja. Waziri akaurudisha wote, bila kosa, akicheka.

"Akili anayo," mwalimu alisema. "Mdundo anao kuliko wengi hapa. Ila sauti haimfikii vizuri. Nadhani hasikii sawasawa."

"Haiwezekani," kinyozi alisema. "Kwangu saluni anasikia. Nikimwambia lete taulo, analeta. Nikimwambia zima redio, anazima."

"Unapomwambia, umesimama wapi?"

"Mbele ya kioo, nanyoa."

"Na yeye?"

"Yuko nyuma yangu, anatazama..."

"Anatazama kioo," mwalimu alimalizia. "Anakusoma mdomo, Baba Waziri."

Kinyozi alikitazama kiganja chake cha kulia. Kisha akakitia mfukoni.

Siku ya tatu yake, baba, mama na mtoto walikuwa hospitali, chumba cha masikio. Muuguzi aliuliza maswali mengi. Mtoto hukoroma? Ndiyo. Mafua? Hayaishi. Sikio liliwahi kuuma? Mwaka jana, usiku kucha, kisha likanyamaza lenyewe. Hupenda kukaa karibu na redio? Huikumbatia.

"Na masikio mnayasafishaje?"

"Mimi mwenyewe, kila Jumapili," kinyozi alisema, kidogo kwa majivuno. "Kwa kijiti cha pamba. Ndiyo kazi yangu. Hata wateja nawasafisha."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Acha. Kwa mtoto na kwa wateja. Nta ya sikio inalinda sikio, na nyingi hutoka yenyewe. Kijiti kinaisukuma ndani, na kikiteleza kinatoboa. Futa nje tu, kwa kitambaa."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Majivuno yakamwisha.

Muuguzi alimulika sikio moja, kisha la pili. Akatumia kifaa kingine kilichochora mstari kwenye karatasi. Mwishoni akageuka.

"Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba iliyowambwa, kama ya ngoma. Sauti ikiigonga, inatetemeka. Nyuma yake panatakiwa pawe na hewa. Kwa binti yenu pamejaa majimaji mazito, masikio yote mawili. Jaza ngoma maji, kisha uipige. Utasikia nini?"

"Hailii," mama alisema.

"Inalia kwa mbali. Ndivyo anavyowasikia ninyi, kama yuko chini ya maji. Sauti nzito na zenye nguvu zinapita. Zile nyembamba, kama sss na fff, zinapotea."

Mama aliweka mkono mdomoni. "Ukari," alisema polepole. "Imbo."

"Hajawahi kuzisikia vizuri, atazisemaje?"

"Amezaliwa hivi?" kinyozi aliuliza.

"Sidhani. Hii huwapata watoto wengi wadogo, hasa wenye mafua ya mara kwa mara. Mara nyingi majimaji hukauka yenyewe. Tutangoja miezi mitatu, kisha tupime tena. Yasipokauka, kuna njia nyingine. Msimtie mafuta wala dawa ya mtu yeyote. Moshi wa sigara usiwe karibu naye, unazidisha. Akipata homa, maumivu, au sikio likatoa usaha, msingoje tarehe, njooni."

Kinyozi alivuta pumzi. "Basi na zile nyimbo shuleni? Tumtoe, maana hasikii?"

"Nani kasema? Azidishiwe. Aimbe akiwa karibu na ngoma, akiwa ameigusa, akimwona usoni anayeimba. Nyimbo zenye vitendo vya mikono zinamsaidia kujua neno hata kabla hajalisikia. Na nyumbani hivyo hivyo. Mguseni kwanza, akitazama ndipo mseme. Redio izimwe mnapoongea naye. Ile redio kwake ni ukungu juu ya ukungu."

Walirudi nyumbani. Walipofika mlangoni, kinyozi alichuchumaa mbele ya binti yake, uso kwa uso.

"Siku ile ya pikipiki," alisema, "nilikosea kukupiga."

"Naam?" Waziri aliuliza.

Ikabidi aseme tena, kwa sauti, wateja wawili wakiwa benchini wanasikiliza. Alisema. Waziri akafikiri kidogo, akampa mpira wake aushike, akaingia ndani.

Mabadiliko hayakuwa rahisi. Redio ilipozimwa, wateja walilalamika kwamba saluni imekuwa kama msiba. Kinyozi aliandika kwenye kipande cha boksi: HAPA HATUVUTI SIGARA. HATUSAFISHI MASIKIO. Mzee mmoja aliyezoea vyote viwili alisoma, akauliza kama kunyoa bado kunaruhusiwa.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuimba. Kinyozi hakuwa ameimba tangu utotoni, na sauti yake haikuwa ya kusifiwa. Mwalimu Debe alimpa wimbo wa kunawa mikono, akamwambia auimbe kila siku, pole pole, akionyesha kwa mikono. Siku ya kwanza aliuimba huku amefunga mlango wa uani. Siku ya tano alisahau kuufunga. Jirani akachungulia.

"Baba Waziri, umeingia kwaya?"

"Namfundisha mtoto," kinyozi alijibu, akaendelea.

Mama naye alipata yake. Alikanyaga pedeli ya cherehani kwa mapigo, Waziri akiwa ameshika meza, na kwa kila pigo walikata kipande cha neno. Ko-la. Ki-fu-ngo. Su-ru-a-li. Walikata maneno kama wanavyokata vitambaa. Walitengeneza pia makayamba ya chupa za plastiki zenye maharage makavu. Mama alifunga vifuniko kwa gundi, kisha akavizungushia utepe.

"Harage moja likiingia sikioni," alisema, "tutarudi hospitali kwa jambo jingine."

Shuleni, Waziri alihamishiwa mbele, kando ya debe. Sasa hakuwa na haja ya kutazama miguu ya watu. Mkono ulipohisi debe limenyamaza, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza, na wengine wakaanza kumtazama yeye. Mwalimu alianza kucheza ule mchezo wa kugeukia ukuta na watoto wote, kila mwanzo wa muhula. Aligundua mwingine mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kabisa, kimya, ambaye watu walidhani ni mpole tu. Alipelekwa hospitali, akatolewa nta iliyoziba masikio yote mawili.

Miezi mitatu ikapita. Muuguzi alimulika tena. Sikio la kulia majimaji yalikuwa yamepungua kidogo. La kushoto, vile vile. Daktari akawaeleza njia ya pili: tundu dogo sana katika ile ngozi, na ndani yake kibomba kidogo kuliko punje ya mchele, ili majimaji yatoke na hewa iingie. Kibomba hudondoka chenyewe baada ya miezi. Mtoto atalazwa kwa dawa ya usingizi, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi.

Mama aliuliza maswali yote aliyokuwa nayo. Kinyozi aliuliza moja tu, akaliuliza mara tatu: ataamka? Daktari alijibu mara tatu, bila kuchoka.

Aliamka. Alilia kwa njaa, akala, akalala tena.

Asubuhi yake Mama Waziri alikuwa anakata kitambaa. Mtoto alikuja akasimama katikati ya chumba. Alitazama huku na huku, kama kuna mdudu ameingia.

"Mama, nini hicho?"

"Kipi?"

"Hicho." Aliunyooshea kidole mkasi. "Kinasema si, si, si."

Mama aliusimamisha mkasi. Kisha akakata tena, polepole, kitambaa ambacho hakikuhitaji kukatwa hapo.

Maneno hayakunyooka siku moja. Kwa wiki nyingi sukari iliendelea kuwa ukari, kisha ikawa thukari, kisha siku moja ikawa sukari na haikurudi nyuma. Waliimba kila kitu chenye sss na fff walichoweza kukifikiria. Mwisho wa mwaka Waziri alijua herufi zote, na alikuwa anasoma majina ya wateja mama aliyoyaandika kwenye vikaratasi vya sare. Barabarani, honi ikilia mbali, aliruka pembeni kabla ya baba yake.

Jumamosi moja jioni kinyozi alikuwa anafagia saluni. Wateja wameondoka. Pazia limefungwa, na nyuma yake cherehani inalia. Kinyozi alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe wa kufagia, akauimba bila kujua anaimba:

*Fagia, fagia, kona ya kwanza,*
*nywele za mzee, mvi zinapendeza.*
*Fagia, fagia, kona ya pili,*
*nywele za kijana, chukua mbili mbili.*
*Fagia, fagia, kona ya nne...*

"Baba!" sauti ikatoka nyuma ya pazia, juu ya kelele za cherehani. "Umeruka kona ya tatu!"

Kinyozi akasimama, ufagio mkononi. Hakumwona mtoto. Mtoto hakumwona yeye.

"Kweli," alijibu. "Nimeiruka."

"Rudi basi!"

Kinyozi akarudi kona ya tatu, akaanza upya.